Mfalme Asiye na Rungu

Kaka yangu alikuwa mchonga mawe ya makaburi huko Troyeville, ugenini kusini mwa Afrika, kisha hoteli moja ikampa kazi ya kuichongea nakala za michoro ya mahekalu ya kale ya Misri. Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na mfalme aliyewakamata watu nywele kwa mkono mmoja, wa pili ameuinua juu, tayari kuponda.

"Hao wamemkosea nini?" nilimuuliza.

"Ni wageni tu, mdogo wangu."

Nikasonya. Hata kwenye mawe hatuachwi.

Akanieleza kwamba wafalme wa baadaye walibomoa mahekalu ya wenzao, wakajengea kuta zao kwa mawe yale yale, michoro ikielekea ndani. Ndiyo maana mingine imepona mpaka leo.

Wiki ile ile wenyeji walikuja kutufukuza, mchana kweupe, na marungu na vyuma. "Phumani!" walipiga kelele, tutoke, nchi si yetu. Kwetu Tanga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sisi tulilishika tangu siku ya kwanza, lakini nani angesikiliza methali? Jiwe la mfalme lilikuwa juu ya toroli, tukalisukuma kuziba mlango wa karakana. Mbao zinapasuka, kaka ananishika bega: tuligeuze kwanza, mchoro uangalie ndani, wasije wakauharibu. Nilimtukana tusi ambalo sijalirudia tena. Tukaligeuza.

Mlango ulishikilia. Waliingia dirishani. Kioo kilinichana shavu, nikamng'ata mmoja mpaka nikaonja damu yake, na sijutii. Kaka walimkamata rasta zake, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza ya kazi, wakauponda kwa nyundo yake mwenyewe. Nilisikia mifupa. Alilia kama mtoto, na mimi niliwachukia watu wale kwa chuki ambayo bado ninayo.

Jiwe halikupata hata mkwaruzo. Hoteli ililikataa, kwa sababu kaka alikuwa hajachonga rungu, na hakuna mkono wa kulichonga. Sasa ni kizingiti cha chumba chetu mtaa wa La Rochelle, jiji lile lile, mfalme akitazama juu, mkono mtupu hewani. Mimi kila nikitoka namkanyaga usoni. Kaka humvuka taratibu, mkono wa kulia mfukoni, asije akamchafua.