Mkono wa Susu Kwenye Karatasi

Harufu ya wino wa kuchapia ikinipata, hata hapa Kitui mjini nikiwa na haraka zangu, lazima nisimame. Inanirudisha Kalamba, jikoni kwa susu, yaani nyanya yangu, siku mama mdogo Mwende alipomtoa picha.

Mama mdogo alichonga picha kwenye mabaki ya mpira wa sakafu: akina mama wakichota maji mchangani mtoni, fundi wa baiskeli, mbuzi wakorofi. Alipaka wino, akalaza karatasi juu, akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Kipande kimoja kilitoa picha nyingi, ndiyo maana bei ilikuwa ya watu wetu. Mtu alitoka soko la Matiliku na ndengu na picha kwenye kikapu kimoja.

Susu hakuwa na picha yake hata moja, na alitaka kila binti yake awe nayo ukutani kabla yeye hajaenda. Basi akachongwa akikoroga muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nilikaa hapo hapo, nione mtu anatokaje kwenye mpira.

Karatasi ilipobanduliwa, tulifurahi kweli. Ni yeye, na kilemba chake. Susu akaitazama sana, kisha akairudisha.

“Huyu si mimi. Huyu anakoroga na mkono wa kulia.”

Kumbe picha hutoka imegeuka, na susu alikuwa wa mashoto! Nikaiinua karatasi mlangoni penye mwanga, nikaichungulia kwa nyuma, mkono ukarudi kushoto. Nikamwonyesha, najiona mjanja.

“Kwa hivyo binti zangu wakitaka kuniona watakuwa wakienda mlangoni?”

Mama mdogo akajaribu kumtuliza. “Mama, si hii ni afadhali? Watu watakuona na mkono wa adabu.”

Susu aliendelea kukoroga, na hatimaye mama mdogo akachukua mpira mwingine, akaanza upya.

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba susu alipokuwa msichana, mkono ule ulifungwa kamba mpaka akajifunza kutumia wa kulia. Alisalimia kwa wa kulia, akapakulia wageni kwa wa kulia, maisha yake yote. Jikoni tu, akiwa peke yake na sisi watoto, ndipo aliufungulia ule mwingine. Ukutani kwa binti zake alikataa kuuficha tena.