Springi za Baba

Wazungu wana neno moja, spring, na wamelitumikisha kama punda wa sokoni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, bibi mmoja wa misheni, aliliandika ubaoni asubuhi moja akatuambia kwanza ni majira: theluji inayeyuka, maua yanachanua, watu wanafurahi. Sisi tulikuwa wasichana wa shule ya kati kwenye miteremko ya Meru, enzi za Mwingereza. Tulijua masika na matope yake, kiangazi na vumbi lake, na kahawa yetu ilichanua bila kungoja theluji ya mtu. Tukaandika hivyo hivyo tulivyoambiwa.

Kisha akasema ni chemchemi. Hapo tulimwelewa, maana maji ya kunywa tuliyachota kwenye chemchemi juu ya shule. Akasema tena ni kuruka, akaruka mbele yetu sketi ndefu ikipepea, tukacheka mpaka machozi. "Nani anajua maana nyingine?"

Nikanyoosha mkono. Ulimi uliponza kichwa.

Nilisema ni vile vyuma vinavyobeba lori, kimoja juu ya kingine. Kikivunjika unakitia motoni, unangoja kiwe chekundu kama pilipili iliyoiva, unakigonga, unapata panga lisilopinda. Bibi alifurahi sana, akaniita mbele nichore. Nilipogeuka kutoka ubaoni wenzangu walikuwa wakitazamana. Binti wa mkulima angejuaje rangi ya chuma kilicho tayari kugongwa?

Baba yangu alikuwa mhunzi, upande wa Ngaramtoni. Wenye malori ya barabara ya Nairobi walimwachia springi zilizokatika, naye akazigeuza mapanga, visu na mikuki. Kwetu sisi Waarusha ukoo wa wahunzi ni watu wa kando. Wengine hawaoi kwetu, hawatuozi binti zao. Mtu alikuja kununua panga, na kabla ya kulishika alilipaka mafuta ya kondoo ili kuondoa mkosi wa mkono uliolifua. Bila panga hilo asingekata hata mkungu mmoja wa ndizi! Walibatizwa, wakaimba tenzi kwa sauti nne, na mafuta yao wakaendelea kuja nayo. Baba hakujali. "Mimi mhunzi, na baba yangu alikuwa mhunzi," aliwaambia huku mivukuto ikipuliza moto, na mimi nilikua nikiamini hakuna neno zuri kuliko hilo.

Shuleni sikuwa nimemficha mtu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilikuwa na rafiki, Mwarusha mwenzangu, binti wa mzee wa kanisa. Tangu wiki ya kwanza tulikula sahani moja, na baridi ya mlimani ilipozidi tulijifunika blanketi moja. Mchana wa somo lile alichukua chakula chake kwenye kibakuli, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Jioni alinijia, macho chini. "Kwenu ni wahunzi?"

"Baba anakuja Jumapili ya wageni," nikamwambia. "Muulize mwenyewe."

Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na hesabu zangu pia. Nilitaka alisikie neno lile kutoka kinywani mwa baba, nje ya kanisa, watu wakisikia. Niliamini ataona haya, arudi kwenye sahani yetu. Na kama hatarudi, basi anikatae uso kwa uso, siyo kwa kibakuli. Siku zilizobaki nilikula peke yangu nikiingoja Jumapili.

Baba alikuja na koti lake la kanisani, kifurushi cha ndizi mbivu mkononi. Nilimkimbilia, nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja utosini kama mzee wa kwetu anavyomsalimu mtoto. Nikamweleza yote kwa haraka: somo, kibakuli, swali.

Rafiki yangu akaja. "Shikamoo, baba." Alisimama mbali, mikono nyuma, kichwa wima. Mtoto wa Kiarusha kumsalimu mzee kichwa wima! Mkono wa baba ulikuwa umeshanyooshwa, ukabaki hewani, na wazazi wengine wakageuka kutazama.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, eti wewe ni mhunzi?"

Nilingoja. Naapa, moyo ulinidunda kwa furaha.

Baba alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Halafu akacheka kidogo. "Mhunzi? Mimi mkulima tu, mwanangu. Huyu mambo ya springi kayasikia kwa madereva pale Ngaramtoni. Ana maneno mengi huyu."

Rafiki yangu alishusha pumzi, akasogea, akainamisha kichwa. Baba akakiwekea kiganja chake, kiganja chenye makovu ya cheche kila mahali, ambacho yeyote mwenye macho angekijua. Hakuna aliyetaka kukijua. Kisha akatugawia ndizi, na rafiki yangu akapokea kwa mikono miwili.

Niliwachukia wote siku ile: wazee na mafuta yao, kanisa lililojua likanyamaza, msichana yule na adabu zake. Baba nilimchukia kuliko wote, kwa sababu alinipenda kiasi kile na sikuwa na namna ya kumrudishia. Aliondoka bila kugeuka nyuma. Nilitaka kumfuata nipige kelele njia nzima, lakini nilibaki pale na ndizi yangu mkononi.

Jioni kibakuli hakikuonekana. Rafiki yangu alikaa karibu nami, akanyoosha mkono kwenye sahani yetu. "Baba yako mpole sana," akasema. "Mimi nilikuwa na wasiwasi bure. Analima nini?"

"Mahindi," nikamjibu. "Mwaka huu yamestawi."