Lenzi Pana ya Siti Awadhi

Tuelewane mapema: Mwesiga hakuwa mtu mbaya. Aliimba besi kanisani, aliwaamkia wakubwa kwa adabu, na studio yake pale Bukoba mjini ilifagiliwa kila asubuhi. Lakini ole wako umtajie Siti binti Awadhi! Uso ulimkunjamana pale pale. Alikuwa na roho ya kwa nini, basi. Kwa nini yeye? Kwa nini wanamwita yeye?

Wote wawili walifundishwa kazi na mzee Awadhi, baba yake Siti, aliyepiga picha Bukoba tangu enzi za kamera ya mbao yenye miguu mitatu. Mzee alipofariki, kamera yake nzuri ya filamu kubwa ilikwenda kwa Mwesiga, mwanafunzi wake mpendwa. Siti aliachiwa lenzi moja kuukuu, iliyong'olewa kwenye ile kamera ya mbao baada ya mchwa kuimaliza. Mwesiga alicheka, akasema mbele ya watu, "Lenzi bila kamera! Si afadhali angekuachia birika, ungechemshia chai?"

Siti alitafuta kamera ya filamu kubwa iliyotumika, ambayo lenzi yake ilikuwa imepasuka, akaipeleka pamoja na ile lenzi ya baba yake kwa Zahoro, fundi wa kukereza vyuma. Zahoro akakereza pete ya kuziunganisha, ikakataa, akakereza nyingine. Siku pete ilipokubali, Siti alikuwa na kitu ambacho Mwesiga hakuwa nacho: lenzi pana, inayomeza ua mzima, watu na nyumba yao, bila mpiga picha kurudi nyuma.

Na huku kwetu kurudi nyuma ndiyo shida yenyewe. Nyumba ya Mhaya iko katikati ya kibanja, migomba imeizunguka mpaka mlangoni. Ua ni mdogo. Ukitaka ukoo wote uingie kwenye picha, unarudi hatua mbili, unagonga mgomba. Unarudi tena, unajikuta juu ya kaburi la babu wa watu. Nani atakukatia mgomba wake kwa sababu ya picha? Na nani atakuacha usimame juu ya marehemu wake? Kwa hiyo Mwesiga alikuwa akiwapiga watu kwa mafungu: wajomba kwanza, shangazi baadaye, wajukuu mwisho. Watu walizoea. Isitoshe, picha za simu zilipotea na simu zake, lakini za Mwesiga zilibaki ukutani. Ndipo akatokea Siti na lenzi yake, na familia zikaanza kusema, "Kumbe tunaweza kuingia wote!"

Waliomwita Siti kule Izimbya, Mwesiga aliwasamehe. Wa Kemondo aliwanunia. Lakini siku kaka yake mkubwa, Mujuni, alipompigia simu kutoka Mwanza na kumwambia kwamba Krismasi hii watakuwepo wote nyumbani Ijumbi, na kwamba mama yao, Agnetha, amemwita Siti awapige picha, Mwesiga aliona dunia imemgeuka.

"Mama? Mama yangu mimi?"

"Mama yetu," Mujuni alisema. "Na amesema uje umevaa suti."

Suti! Yaani aje kama mgeni mwalikwa, akae, apewe soda, amtazame Siti akifanya kazi yake, nyumbani kwao, kwenye kibanja alichozaliwa. Mke wake alipomwambia labda mama ana sababu zake, alimjibu, "Sababu gani? Huyo mwanamke amewaroga kwa hilo lichuma."

Siku ya picha, Mwesiga alifika Ijumbi amevaa kizibao chake cha kazi, kile chenye mifuko mingi, na begi la kamera begani. Mama yake alimpokea kwa furaha, akampa punje za kahawa za kutafuna, kama desturi, kisha akamtazama toka juu hadi chini.

"Suti iko wapi?"

"Mama, mimi ni mpiga picha. Siendi kuoa."

Uani watu walikuwa wamejaa, wengine hawakuwa wamerudi nyumbani miaka na miaka, na Siti alikwisha anza kuwapanga.

Jamani, wivu una macho makali! Mwesiga alisimama nyuma ya Siti kama mkaguzi, akiwinda kosa. Lenzi ile ina tabia yake: aliye pembeni kabisa hutanuka. Mwesiga alilijua hilo, na alipomwona shangazi Joviana, mama mwenye mwili wake, amesimama mwisho wa mstari, alifurahi moyoni. Ngoja atoke mpana kama mlango wa kanisa, tuone nani atamwita tena Siti! Lakini Siti akaja polepole, akamshika shangazi mkono, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Shangazi, waitu, wewe ni wa katikati," akampeleka karibu na mama, na pembeni akaweka vijana wembamba. Shangazi akatabasamu. Mwesiga akauma meno.

Kioo cha kamera kilikuwa na giza kwa lenzi ile, haikuwezekana kuamini macho tu. Kwa hiyo Siti alipima umbali kwa kamba yenye mafundo. Alifunga ncha moja kwenye kamera, akaenda na nyingine mpaka kwenye kiti cha mama. Kando ya kiti hicho, mkono wa kuume, palikuwa na kigoda kitupu.

"Mama, tukiondoe hiki? Kinaacha pengo."

"Kiache," mama alisema. Kisha akaita, "Mwesiga! Njoo."

"Niko hapa hapa, Mama."

"Kaka Mwesiga, ingia basi," Siti naye akasema. "Jua linaondoka."

Aha! Mwesiga alijiambia, sasa anataka kuniondoa nisione anavyofanya. Amebanwa. "Wewe piga tu," akasema. "Mimi natazama kazi."

"Mwesiga," mama aliita tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Piga tu, Mama, nitawapiga nyingine mimi mwenyewe baadaye!"

Wingu lilikuwa likipanda kutoka ziwani. Mujuni akatazama saa, watoto wakaanza kusukumana. Siti alimtazama mama, akisubiri. Kikongwe akaweka kiganja chake juu ya kigoda, akasema, "Piga, mwanangu." Siti akapiga, akasogeza filamu, akapiga tena, na mvua ikashuka. Ile picha ya baadaye ya Mwesiga haikupigwa kamwe. Mvua ilipokatika, waliotoka mbali walikuwa wamekwisha ondoka.

Baada ya mwaka mpya Siti alikuja studio kwa Mwesiga, bahasha kubwa mkononi. "Kaka, wewe ni mkubwa wangu katika kazi hii. Itazame kabla sijaipeleka Ijumbi."

Mwesiga alichukua kioo chake cha kukuzia, akaitazama picha kama anayetafuta chawa. Nyumba nzima ilikuwemo, na bati lake. Kaburi la baba yake lilikuwemo, kwenye ukingo wa migomba. Nyuso zote zilikuwa wazi, hata za vijana wa pembeni. Roho ilimuuma kweli kweli. Angelia kama asingekuwepo Siti pale. Halafu jicho lake likatua katikati, penye kigoda.

"Pengo!" alisema, karibu aruke. "Siti, umeacha pengo katikati ya picha! Marehemu baba yako angekuchapa."

Siti alimsukumia bahasha. "Basi mpelekee wewe," akasema, akaenda zake.

Naye alipeleka, tena siku ile ile! Toka Bukoba hadi Ijumbi alikuwa akipanga maneno. Atamwonyesha mama kosa, atalionyesha kwa kidole, na mama atajua nani fundi wa kweli.

Mama Agnetha aliipokea picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani. Mwesiga hakumpa nafasi.

"Unaona hapo katikati, Mama? Pengo. Ndiyo kazi ya huyo Siti wenu."

"Hilo pengo si la Siti," mama alisema. "Hebu tazama ukutani."

Ukuta wa sebule ulijaa picha: ubatizo, kipaimara, harusi ya Mujuni, maziko ya baba. Zote alizipiga Mwesiga.

"Nionyeshe wewe uko wapi."

Mwesiga alitazama moja baada ya nyingine. Katika ile ya harusi, chini kabisa, penye nyasi, palikuwa na kivuli cha mtu aliyeinama juu ya kamera. Hapakuwa na kingine.

"Ukipiga wewe, wewe haumo," mama alisema. "Nilitaka wanangu wote kabla sijafa. Nikasema nimwite Siti, lenzi yake ni pana, na wewe utakuwa huru. Nikasema uvae suti. Nikakuwekea kigoda. Nikakuita, Mwesiga. Nilikuita mara ngapi?"

Mama akamnyooshea picha. "Itundike." Alitafuta msumari, akaigongomea yeye mwenyewe, katikati ya zake zote.

Bado ana nyundo mkononi, shangazi Joviana akaingia kusalimia. Akaisogelea picha, akajiona alivyopendeza, akacheka kwa furaha. Kisha akaweka kidole katikati.

"Na hiki kigoda, kilikuwa cha nani?"

Mama alimtazama mwanawe.

"Changu," Mwesiga alisema.

"Heh! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namtazama Siti."