Kufuata Dagaa Ujiji Ziwa Likiwa Limefungwa

Habari za kufungwa kwa Ziwa Tanganyika sikuzisikia redioni. Nilizipata kwa kuku wangu, walipoanza kunyonyoana manyoya.

Mimi nafuga kuku wa mayai mia mbili hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Chakula chao nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi natoa Kwihara, mashudu ya alizeti nanunua sokoni, na dagaa wa Kigoma nawasaga humo humo. Sasa serikali ina utaratibu wa kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Mimi sina ugomvi na samaki kuzaliana. Lakini dagaa walipoadimika sokoni, kuku wangu walitafuta kitoweo mahali pa karibu zaidi, yaani mgongoni kwa mwenzao. Baada ya wiki mbili nilikuwa na banda la kuku walio uchi, na mayai yalishuka kutoka trei sita kwa siku hadi trei moja na nusu. Muuza chipsi wa stendi, aliyekuwa mteja wangu mkubwa, akaanza kutengeneza zege, yaani chipsi mayai, la yai moja. Fundi baiskeli mmoja anayekula hilo zege kila siku alinisimamisha barabarani akanigombeza kana kwamba ziwa nimelifunga mimi.

Mume wangu Mihayo ni mtu mpole, hapandishi sauti. Jumapili tulipotoka kanisani aliniambia, "Mama, Jumamosi anakuja mwenye kibanda cha supu. Nimeshaongea naye, atawachukua wote."

"Wote?"

"Kuku asiyetaga na anayemla mwenzake, tumuweke wa nini?"

Kuku hao ndio waliosomesha watoto wetu wawili. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nikamwambia kesho napanda treni naenda Ujiji kwa dada Zuhura, anayeniuzia dagaa miaka yote, na kabla ya Jumamosi nitakuwa nimerudi na gunia.

Jumatatu, Tabora. Treni ilitakiwa kuondoka usiku, ikaondoka asubuhi, na huo muda wa ziada ndio ulioniponza. Kwetu mtu akisikia unakwenda Kigoma anakuletea ndoo. Haombi, analeta tu, kwa kuwa Kigoma ndiko waliko dagaa na migebuka, na msafiri asiyerudi na kitu kwa jirani huonekana hana malezi. Kufika saa mbili asubuhi nilikuwa na ndoo kumi na moja.

"Mzee Rashidi, shikamoo," nilimwambia fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye alinifuata hadi kituoni na ndoo ya kumi na mbili. "Ziwa limefungwa. Hakuna anayevua."

"Marahaba, mwanangu. Limefungwaje? Lina mlango?"

"Ni amri, mzee."

"Basi wewe niletee hata nusu ndoo," alisema, akaondoka ameridhika kabisa.

Ndani ya behewa nilikuta sikuwa peke yangu. Kila abiria alikuwa na ndoo tupu, zimepachikana moja ndani ya nyingine mpaka kwenye dari. Nilimuuliza mama aliyekaa mbele yangu kama anajua kwamba ziwa limefungwa. Akasema anajua, sema mwenye ndoo hajui.

Saa sita, Urambo. Alipanda mkulima wa tumbaku, mtu wa makamo mwenye kofia ya msibani, naye ana ndoo. Alitueleza kwamba vibarua wake wanaofunga marobota ya tumbaku wamegoma.

"Wanadai nini?" nikamuuliza.

"Hawadai chochote. Wamesema maharage siku ishirini mfululizo hawayawezi. Wanakaa kivulini wanayatazama marobota."

"Si uwachinjie mbuzi?"

"Nilichinja mmoja. Wakala, wakashukuru, wakarudi kukaa kivulini."

Alasiri, Uvinza. Wanawake wanaouza chumvi walikimbilia madirishani kama kawaida yao, ila safari hii bei walitaja kwa kubembeleza. Mmoja alinipa mfuko wa pili bure. Nilipomshukuru alisema nisimshukuru. Chumvi imejaa mpaka chumbani kwake, kwa maana waliokuwa wakiinunua kwa ajili ya kukausha migebuka sasa hawana cha kutia chumvi. Nilitazama nje nikawaza mababu zetu waliokuja njia hii kwa miguu na mizigo ya watu kichwani, wiki nenda wiki rudi. Sikumbuki kusikia kwamba hata mmoja wao alibeba ndoo tupu kumi na mbili.

Jioni, Ujiji. Nilishuka Kigoma nikachukua bajaji. Dereva wake alikuwa amevaa jaketi la kujiokolea, lile la rangi ya machungwa la kwenye mitumbwi. Alisema yeye ni mvuvi, bajaji ni ya shemeji yake, na bila jaketi anaendesha kwa woga.

Dada Zuhura alinipokea kwa kunikumbatia, ndoo na mimi. Ni mwanamke mrefu wa miaka kama sitini, anakausha dagaa tangu ujana, na nyumba yake ina harufu ya dagaa hata sasa ambapo vichanja vyake vya kuanikia kule mwaloni, ufukweni wanakotua wavuvi, ni vitupu. Tulikula jioni hiyo mkekani, yeye, mumewe, wanawe wawili, mkwe mmoja na wajukuu wawili, jumla watu saba, na mimi wa nane. Chakula kilikuwa ugali na maharage ya mawese.

Sikujizuia. "Dada Zuhura, nimetoka Tabora mpaka ziwani kuja kula maharage?"

Wote walicheka, mimi nikacheka kuliko wote. Namshukuru Mungu kwamba maneno hayaachi alama mkekani, maana hilo neno mpaka leo linanichoma.

Jumanne asubuhi. Nilikwenda mwaloni kujionea. Mitumbwi imepandishwa nchi kavu, nyavu zimetandazwa, taa za kuvulia zimefungwa mifuko ya plastiki. Wavuvi walikuwepo wote, lakini wamekuwa vinyozi. Nilihesabu vibanda saba vya kunyoa kwenye mita mia moja. Kwa kuwa hakuna aliyebaki na nywele, vinyozi walikuwa wakinyoana wao kwa wao, kwa zamu, na kila aliyenyolewa aliinuka akajitazama kwenye kioo kwa makini. Mmoja aliniita, "Karibu mama, kichwa chako kina kazi." Nilifunga kitambaa vizuri nikapita.

Halafu nikaliona ziwa lenyewe. Karibu na mawe, pale watoto wanapochota maji, maji yalikuwa meusi kwa vidagaa vidogo kama punje za ulezi, maelfu, vinageuka pamoja upande huu na upande ule. Nilisimama muda mrefu. Nilielewa kwa nini wamelifunga, na bado nikawaza ni ndoo ngapi zingejaa pale.

Niliporudi ndani kutafuta mahali pa kusukumia begi langu, niliona gunia chini ya kitanda cha Zuhura. Mfugaji hahitaji kufungua gunia la dagaa ili alijue.

"Dada, na hili?"

Alilisukuma ndani zaidi kwa mguu. "Hilo lina mwenyewe."

"Nani?"

"Wapo."

Nikamweleza habari za kuku wote, habari za Jumamosi, habari za mwenye supu. Nilieleza kwa machozi, na machozi yenyewe yalikuwa ya kweli. Nikamwambia mwenye gunia, awaye yeyote, hawezi kuwa na shida kuliko yangu. Zuhura alimtazama mumewe, mumewe akatazama mlango.

"Basi chukua, mdogo wangu," alisema. "Mtu hatoki Tabora akarudi mikono mitupu." Bei aliyonitajia ni ile ile aliyonitajia mwaka jana.

Jumatano, ofisi ya mwalo. Dagaa wakati wa kufungwa hawatoki hivi hivi. Ni lazima ithibitishwe kwamba walivuliwa kabla ya ziwa kufungwa, katikati ya mwezi wa tano. Katibu wa kamati inayosimamia mwalo, kijana mnadhifu aitwaye Hamisi, alinisalimu shikamoo, akatoa karatasi kwenye faili, ile ambayo Zuhura aliijaza siku ya kufunga ziwa alipotakiwa kuorodhesha dagaa walioko nyumbani kwake.

"Mama, dagaa hawa wamekufa lini?"

"Kabla."

"Kabla kwa siku ngapi? Shahidi ni nani?"

Sikuwa na shahidi wa kifo cha dagaa. Hamisi hakushtuka. Aliita nje, akaingia mzee Issa, mvuvi wa zamani ambaye kamati imempa kazi ya kutambua umri wa dagaa kwa meno. Alichukua dagaa mmoja, akamvunja kichwa, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Mwezi wa nne," alisema. "Mwishoni."

"Una hakika, mzee?"

"Ngoja." Akachukua watano zaidi. Wajumbe wawili waliokaa kwenye benchi wakasema jambo zito kama hili halifai kuamuliwa na mtu mmoja, nao wakasogea. Walitafuna kimya kimya, kwa heshima kubwa, na kila mmoja alikuwa na shaka iliyohitaji dagaa wengine. Gunia lilipopungua upana wa kiganja kizima nikapiga meza.

"Jamani! Mnathibitisha au mnashiba?"

"Mwezi wa nne," wakasema wote kwa pamoja.

Hamisi akaandika. Kisha akauliza, "Matumizi?"

"Chakula cha kuku."

Mzee Issa alimeza kilichokuwa mdomoni, akauliza taratibu, "Kuku?"

"Kuku wa mayai."

"Kuku wa Tabora wanakula dagaa," aliwaambia wenzake, "na sisi tunakula maharage." Hakuna aliyecheka. Hamisi aligonga mhuri, nikaikunja karatasi nikaitia kifuani bila kuisoma, nimekasirika nusu na nimeona aibu nusu.

Alhamisi, njiani kurudi. Zuhura alinisindikiza hadi kituoni. Alinitilia ndimu kwenye ndoo, tatu kwa kila ndoo, nisionekane sina malezi. Alinishika mkono akaniambia niwasalimie kuku. Treni ikaondoka.

Mbele ya Uvinza alipita mkaguzi, akaomba karatasi ya gunia. Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena, akanirudishia. Ndipo na mimi nikaisoma. Upande wa nyuma palikuwa pameandikwa matumizi, chakula cha kuku, kwa mwandiko wa Hamisi. Upande wa mbele, kwa mwandiko wa Zuhura wa siku ile ya kufunga ziwa, palikuwa na swali: dagaa hawa wanahifadhiwa kwa ajili gani? Na jibu: Chakula cha familia, watu saba, mpaka ziwa lifunguliwe.

Nilitaka kushuka. Treni haisimami kwa sababu ya mtu aliyeona aibu. Nililikalia gunia lile kutoka pale mpaka Kaliua, na mpaka Urambo, na mtu aliyeniuliza ni nini nilimwambia ni nguo.

Ijumaa, Tabora. Wenye ndoo walipokea ndimu zao. Mzee Rashidi alizitazama zile tatu, akasema sasa anaamini ziwa lina mlango. Jioni nilisaga dagaa kiasi, nikachanganya, nikawamwagia kuku. Walikula kwa fujo, hakuna aliyekumbuka mgongo wa mwenzake. Mihayo alisimama nami pale bandani akasema, "Umeshinda, mama."

Nikampa karatasi asome. Aliisoma mbele na nyuma.

Nilichojifunza katika safari hii si kikubwa. Nilikuwa nadhani mimi ndiye mtu wa mwisho anayeumizwa na ile amri, na kwamba mbele yangu kuna serikali na ziwa tu. Kumbe katikati kuna mtu, tena ninayemjua kwa jina, ambaye alishajipanga kuvumilia miezi mitatu mpaka nilipofika mimi na machozi yangu.

Jumamosi mwenye supu alikuja kama alivyoahidi, nikamuuzia kuku mia moja na arobaini. Nililia, sitaficha. Sitini niliowabakiza watapata dagaa kidogo kidogo kutoka debe moja nililolitoa. Gunia nililishona upya, nikalipakia kwenye bajaji pamoja na trei mbili za mayai, nikalipeleka kwenye ofisi ya vifurushi, kituo cha treni.

Karani alisoma lebo, akavua miwani.

"Mama, shikamoo. Hawa ni dagaa?"

"Marahaba. Ni dagaa."

"Na wanakwenda Kigoma?"

"Wanakwenda Ujiji."

Alimwita mwenzake aje aone. Mwenzake akaja, akanusa gunia, akanitazama usoni kuona kama mimi ni mzima wa akili. Karani akashika kalamu.

"Hapa kuna sehemu ya matumizi. Niandike nini?"

"Andika chakula cha familia," nikamwambia. "Watu saba."