Kitabu Alichokishona Mwenyewe

Shemeji yangu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na mtaani kila mtu alimwita Fundi Jalada. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na duka langu la madaftari na kalamu. Ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya, mimi namwombea afya huku niliko. Mle ndani mlinuka gundi na ngozi. Palikuwa na meza ndefu, mbao mbili za kubania vitabu, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha mshumaa, na kisanduku cha herufi za shaba alizozipasha moto ili kuchapa majina ya vitabu migongoni kwa rangi ya dhahabu.

Sitampamba. Alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa wa mtu anayeijua kazi yake, ambao ndio mgumu kuliko wote. Ukimpa kitabu, hakisomi kwanza. Anakifungua katikati, anakibonyeza mgongo, anavuta ukurasa mmoja kwa vidole viwili. Ukurasa ukikataa kutoka, ndipo anauliza kinahusu nini. Nilikuwa nikimtania kwamba hata dada yangu, mkewe, alichaguliwa vivyo hivyo, naye alinijibu kwamba ndiyo, na hakukosea.

Dada yangu alifariki mtoto wao akiwa na miaka sita. Jalada hakuoa tena. Alimlea binti yake palepale karakanani, mtoto akichezea mabaki ya nyuzi chini ya meza, na kwa sababu hiyo pamoja na wembamba wake tukamwita Uzi. Uzi alikua, akasoma, akapata kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ughaibuni. Kila mwezi aliandika barua. Kila mwaka ulipoisha, baba yake alizishona barua hizo pamoja, akazitia jalada jekundu.

Mwaka wa tano, asubuhi moja, simu ya dukani kwangu ililia. Alikuwa msichana aliyekuwa akikaa chumba kimoja na Uzi. Alisema figo zimegoma, Uzi amelazwa, na madaktari wamesema kama ana mzazi, aje wiki hii, asingoje ijayo. Nilimwita Jalada. Alikuja na sindano mkononi, akaushika mkono wa simu bila kuiweka ile sindano chini.

"Baba, nitakuja kukupokea uwanja wa ndege," msichana alimwambia. Sauti yake niliisikia hata mimi.

"Hapana, mwanangu. Usimwache mwenzako peke yake hata dakika moja. Nitajie jina la hospitali tu. Mimi nitakuwa na kitabu cha kunielekeza."

Aliandika jina lile kwenye kiganja, herufi moja moja, akamsomea tena msichana mpaka likalingana.

Karatasi za safari zilipatikana kwa siku tatu, na mpaka leo sijui tulizipataje. Siku ya pili nilikwenda mjini kwenye duka la vitabu nikamnunulia mwongozo wa wasafiri wa mji ule, toleo la mwaka uleule, wenye ramani za rangi. Nilijiona nimefanya la maana. Jalada alikifungua katikati, akabonyeza. Mgongo ukalia. Akavuta ukurasa mmoja, ukamfuata mkononi kama unyoya.

"Gundi tupu," akasema. "Shemeji, kitabu hiki kimeshindwa kushika karatasi zake. Kitanishika mimi?"

Akapanda kwenye kiti, akatoa kwenye rafu ya juu kitabu kinene chenye mgongo wa ngozi. Kilikuwa mwongozo wa mji huohuo. Mteja alikuwa amekileta kushonwa miaka kumi na minane nyuma, hakurudi kukichukua. Jalada alikishona kwa mkono wake, mishono yote, na jina la kitabu mgongoni, la dhahabu, lilikuwa bado linang'aa. Aliuvuta ukurasa, ukagoma. Alitafuta hospitali, akaikuta: picha ya jengo, njia ya kufika kutoka stesheni, na onyo kwamba wageni hawaruhusiwi kuona wagonjwa kabla ya saa kumi jioni.

"Hicho ni cha zamani," nilimwambia.

"Mawe hayahami, shemeji."

Ningeweza kubishana. Ningeweza kumwambia nenda na vyote viwili, mkoba wako si mdogo. Lakini nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimesimama foleni kwa ajili ya kile kitabu, na sasa kinavutwavutwa kama kuku wa sokoni. Nilikichukua, nikapachika ule ukurasa uliochomoka, nikakitupia kwenye droo yangu ya chini. Nikasema kimoyomoyo, haya, nenda na babu yako huyo wa ngozi. Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi. Alitua asubuhi. Alipanda treni kama kitabu kilivyosema, akashuka stesheni kama kitabu kilivyosema, akahesabu njia tatu, akakata kulia. Jengo lilikuwapo. Lilikuwa lilelile la kwenye picha, na juu ya mlango jina la hospitali lilikuwa limechongwa kwenye jiwe. Lugha ile haijui, lakini maisha yake yote amezishika herufi kwa vidole. Alisimama barabarani, kitabu mkononi, akalinganisha herufi baada ya herufi. Hakuna hata moja iliyokosekana.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Akakaa kwenye benchi kando ya mlango, mkoba magotini, kungoja saa kumi.

Alikaa pale kwa muda wa saa sita na nusu. Aliona watu wakiingia na kutoka na mafaili, wamevaa vizuri, hakuna aliyechechemea wala kubebwa. Akajiambia wenzetu wameendelea, hata wagonjwa wao wanatembea na tai. Mara mbili alitaka kuinuka akaulize, mara mbili akasoma tena ule mstari wa saa kumi. Hakutaka kumfanya binti yake aonekane ana baba asiyefuata taratibu.

Saa kumi kamili alijipangusa viatu, akaingia. Mwanamke wa mapokezi hakumwelewa. Alipoonyeshwa picha, akaduwaa, akaangalia mwaka kwenye ukurasa wa kwanza, akaangalia uso wa Jalada, kisha akachukua koti lake. Alimpeleka kwa teksi mwenyewe, amemshika mkono. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto.

Uzi alikuwa amekata roho saa nane na robo.

Yule msichana alikuwa bado amekaa kando ya kitanda kitupu. Alimwambia Jalada kwamba asubuhi nzima Uzi alikuwa akiuliza, "Baba hajafika?" Naye akimjibu, "Yuko njiani, ana kitabu." Mara ya mwisho Uzi alitabasamu, akasema, "Kama kakishona mwenyewe, atafika."

Tulimzika huku nyumbani. Jalada hakulia mbele za watu. Alirudi karakanani siku ya nne, na nikasikia kupitia ukutani zile mbao zikikazwa. Mimi siku hiyo nilifungua droo ya chini, nikatoa mwongozo wa gundi, nikatafuta. Ulikuwa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Ulisema hospitali ilihamia ng'ambo ya mto miaka kumi na mmoja iliyopita, jengo la zamani sasa ni ofisi za kodi, na wageni huingia wakati wowote. Mistari mitatu tu. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni katikati ya madaftari. Nililia kwa ajili ya mpwa wangu, na kwa aibu yangu.

Kisha nikauvuta ule ukurasa wa hospitali. Ulitoka bila shida. Niliukunja, nikautia mfukoni.

Miezi mitano ilipita kabla hajauliza. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwake mchana, chai imepoa.

"Shemeji, kile chako," akasema, "kilisemaje?"

"Kilisema vilevile."

"Hebu nikione."

Nilimletea. Sikuwa na namna. Alikifungua nyuma kwenye orodha, akatafuta jina la hospitali, akafuata namba kwa kidole. Akafika mia moja na kumi, kisha mia moja na kumi na tatu. Alisimama hapo. Akapitisha ukucha kwenye ufa kati ya kurasa zile mbili, taratibu, chini mpaka juu, kama anavyofanya na kitabu kilicholetwa na mteja. Ameshika vitabu miaka thelathini na tano. Ukurasa uliodondoka na ukurasa uliovutwa anajua alama zake.

Mimi nilitazama viatu vyangu.

Alikifunga kitabu, akanirudishia. Mkono wake ulikaa juu ya wangu kwa muda.

"Gundi za siku hizi, shemeji," akasema. "Hazishiki."

Akaingia ndani, akakaa mezani, akaanza kutia uzi kwenye sindano. Nilimhesabia. Alikosa tundu mara saba.