Kilichokuwa Ndani ya Tunguli ya Babu

Shangazi yangu hakuwahi kuigusa tunguli ya baba yake, kibuyu chake cha dawa. Ilining'inia juu ya jiko, imezibwa kwa kipande cha mti na utomvu uliokauka, na sisi wengine tuliruhusiwa kuifuta masizi. Yeye peke yake alikatazwa tangu utoto. Babu alikuwa mghanga, yaani mganga wa Kishambaa, aliirithi kwa waliomtangulia, naye akafa bila kumrithisha mtu. Kwetu tunguli haifunguliwi na mkono usiorithishwa, basi ikabaki imefungwa, na shangazi akabaki na donge lake.

"Wote aliwaamini," alizoea kusema, "isipokuwa mimi."

Alikuwa bibi kizee mwenye wajukuu, lakini jambo hilo lilimuuma kama la jana.

Miaka ya ruksa ilipofika, biashara zikafunguliwa, Lushoto ilijaa wauzaji na wanunuzi. Sokoni kukawa na mitumba, redio na sabuni za kila rangi, na wakapanda milimani pia watu waliotaka vitu vya wazee: vigoda, ngoma, vibuyu. Kaka yangu ni mtu ambaye mnunuzi akikohoa kule chini Mombo, yeye huku juu amekwisha kumtolea kiti. Akampata mmoja wa kununua tunguli, kwa sharti kwamba ipasuliwe kwanza aone kilichomo. Shangazi alipopata habari, alikaa mlangoni na mchi mapajani. Hakuna aliyepita.

Siku zile mtaalamu mmoja wa makumbusho kutoka Dar es Salaam alikuwa akizunguka milimani, akipiga picha vitu vya kale kabla wachuuzi hawajaviteremsha. Aliposikia ugomvi wetu alisema kuna nchi ambako vitu vya namna hiyo hupigwa eksirei, vikaonekana ndani bila kuguswa kizibo. Wote wakanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga eksirei wa hospitali ya mjini, kazi yangu vifua vya wakulima na mikono ya watoto walioanguka kwenye miti ya peasi. Daktari mkuu nilipomwomba alicheka, kisha akaniruhusu Jumapili, wagonjwa wakiwa wachache.

Shangazi alikataa kwanza. Aliona ni kufungua kwa ujanja. Nikamweleza kwamba mionzi hupita tu, haivunji wala haisogezi kitu. Alifikiri huku akimenya viazi.

"Hiyo mionzi ina mkono?"

"Haina, shangazi."

"Basi ipige. Lakini nitakuwepo."

Niliibeba mwenyewe, imeviringishwa kwenye kaniki, yeye akitembea mbali nayo kama alivyozoea, kaka na mtaalamu wakitufuata. Picha ya kwanza niliipiga kwa nguvu ya kifua cha mtu mzima, ikatoka nyeusi tupu, nguvu ilikuwa imezidi. Mtaalamu akashusha pumzi. Nilimwambia hapa tumezoea wateja wenye nyama. Ya pili niliipiga kwa nguvu ya mkono wa mtoto mchanga, nikaingia chumba cha giza, nikaitia dawani.

Tuliitundika kwenye kisanduku cha taa, maji yakichuruzika. Pete ya chuma ilionekana, na ushanga, na mbegu zilizofifia. Chini kabisa palikuwa na vitu viwili vidogo, vyeupe karibu kama ile pete. Mtaalamu alidhani changarawe. Mimi vitu hivyo nimeviona mara nyingi kwenye taya za watoto.

"Ni meno," nilisema. "Ya mtoto mchanga. Ya mbele, ya juu."

Nyumbani sote tuliijua hadithi ya meno ya shangazi. Akiwa mchanga alianguka kutoka mgongoni mwa mama yake, akajigonga kwenye jiwe la kusagia, meno mawili ya juu yakang'oka. Alikaa na pengo hadi yalipoota ya ukubwani, na watoto wenziwe walimwita kibogoyo.

Shangazi alisogea hadi pua yake ikakaribia picha.

"Na ya chini?"

"Ya chini hayamo."

"Meno ya kuanguka tu hayafichwi. Ya chini yalikuwa bado kuota," alisema polepole. "Ya juu yalitangulia. Kumbe nilikuwa kigego."

Zamani milimani kwetu, mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa ni mkosi kwa ukoo mzima, na hakuachwa aishi. Aliyeitwa kuamua alikuwa mghanga. Babu, aliyeamua ya watoto wa wenzake, aliyang'oa meno ya mwanawe, akatunga hadithi ya kuanguka, akayaficha mahali pekee ambapo hakuna mkono ambao ungethubutu kufungua. Nililia, sioni haya kusema.

"Ndiyo maana alinikataza," alisema shangazi. "Aliogopa nikiishika, meno yatamjua mwenyewe." Kisha akaita, kwa sauti ndogo ya mtoto, "Tate," ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa.

Kaka akakohoa. "Sasa mnunuzi nimwambieje?"

"Mwambie ina mwenyewe."

Mtaalamu aliomba nakala ya picha, akapewa, akaahidi kuandika ushanga na pete tu. Shangazi akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kwenye meza ya eksirei na kuinyanyua tunguli mwenyewe. Aliishika kifuani kwa muda. Halafu akanipa mgongo, akainama kidogo.

"Nifungie hapa mgongoni kwa ile kaniki," alisema. "Kaza vizuri, mwanangu. Isije ikasemwa imeanguka."