Kola Iliyogeuzwa Mara Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na tangu maisha yapande hivi sijashona nguo mpya hata moja. Watu wananiletea zipu, makwapa yaliyochanika, na kola. Kola ndizo zinazonilisha. Shati likichakaa shingoni, nafumua kola, naigeuza ili upande uliolika ukae chini, nashona tena, na mtu anatoka kibarazani kwangu akijiona mpya. Ila kola hugeuzwa mara moja tu. Ukiigeuza tena, unarudisha uchakavu wa zamani juu. Hapo dawa ni kukata kitambaa kwenye pindo la nyuma la shati lenyewe, lile linalochomekwa ndani, ukatengeneza kola nyingine.

Baba watoto hayo hajui. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, na shati lake jeupe la siku maalumu alilipenda kuliko mimi. Miaka miwili iliyopita kola yake ililika, nikaigeuza kimya kimya yeye akiwa kazini, maana angejua amevaa nguo ya kukarabatiwa angenuna wiki nzima. Basi akawa anajitapa kwa majirani: "Hili shati ni chuma! Nyie endeleeni kununua vya ovyo."

Kiwanda kikafungwa. Mwanamume aliyekuwa akitoka alfajiri akawa ananikalia nyumbani kutwa nzima, anafunua sufuria zangu. Mbona mafuta mengi? Mbona sabuni imeisha? Na mimi mdomo wangu hauna breki. Siku moja bombani, mbele ya wanawake wa nyumba nzima, nikamwambia: "Kama unajua sana kutunza stoo, nenda ukatunze! Hapa unatunza kiti tu."

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Yeye hakucheka. Tangu hapo hatukusemeshana ila kupitia kwa binti yetu.

"Mwambie mama yako alete chumvi."

"Mwambie baba yako ana mikono."

Ndipo akaitwa kwenye usaili. Kazi ya mapokezi, ofisi ya kampuni ya kusafirisha mizigo, mtu wa kukaa mezani wageni wamwone. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku wakati huo, na mwalimu alishasema binti yetu anasinzia darasani kwa njaa. Kazi ile tuliitaka kufa na kupona.

Alipotoa shati sandukuni, akakuta kola imelika. Nikanyoosha mkono. "Lete."

"Usiliguse!" Neno la kwanza kuniambia baada ya siku tisa. "Mikono ya kushonea magunia hiyo. Nina fundi wangu."

Fundi wake! Jirani wa chumba cha mwisho, kinyozi aliyenunua cherehani baada ya wateja kuanza kunyoana wenyewe. Fundi Juzi, ndivyo tunavyomwita. Ningeweza kusema, sikiliza, kola hiyo nilishaigeuza. Sikusema. Nenda, nikawaza, nenda kwa kinyozi wako.

Asubuhi ya usaili shati lilikuwa limepigwa pasi, limefungwa kwenye gazeti. Akalivaa, akajitazama kwenye kipande chetu cha kioo kisichoonyesha zaidi ya kidevu. Kisha akageuka kuchukua bahasha ya vyeti, nami nikaona. Nyuma ya shingo, mstari mzima, nyuzi zimesimama na kitambaa kimekuwa kijivu. Ni ule uchakavu niliouficha mwenyewe miaka miwili nyuma.

Alikuwa na saa nzima kabla ya kutoka. Kukata pindo na kushona kola kungenichukua nusu yake. Na mdomo wangu usio na breki, siku hiyo ndiyo ukapata breki. Nilisikia raha, sitadanganya. Nikamwacha atoke hivyo.

Mlango ulipofungwa tu, raha ikaniishia. Nikamvamia Fundi Juzi. "We kinyozi, huna macho?"

"Niliambiwa geuza, nikageuza."

Nilimtukana hadi sauti ikakauka. Haikusaidia kitu, mume wangu alishafika mbali.

Alirudi mchana. Akavua shati, akaliweka juu ya cherehani yangu, akabaki na fulana.

"Wamempa mwingine," akasema.

"Kwa nini?"

"Bosi wao alipita nyuma yangu. Akaniuliza, bwana, nyumbani kwako hakuna hata mtu wa kukushonea kola?" Akakaa kwenye kile kiti chake. "Nikamjibu, mke wangu ni fundi, mtaa mzima hakuna anayemfikia. Wakacheka, mama watoto. Wote mle ndani wakacheka."

Nikachukua mkasi, nikakata pindo la nyuma, nikashona kola mpya. Inang'aa. Shati liko sandukuni mpaka leo, hajapata pa kwenda nalo, na mimi sijamwambia kwamba asubuhi ile niliona.